Kwa nini wachambuzi waliiponda Never Back Down (2008) wakati sisi tuliirudia mpaka DVD ikachubuka?

Roba ya Mbao (mleta uzi)
Wakuu, salaam. Wikiendi hii nimeirudia Never Back Down yote, halafu kwa udadisi nikapita Rotten Tomatoes, ule mtandao unaokusanya tathmini za wachambuzi, kuona waliipokeaje ilipotoka Machi 2008. Nikakuta asilimia ishirini na ushee. Muvi ambayo mtaa wetu ilimaliza mwaka mzima inazungushwa!

Kwa mliosahau: Jake Tyler anahama Iowa kwenda Orlando, Florida, na mama yake na mdogo wake Charlie, dogo wa tenisi. Baba yao alikufa kwenye ajali ya gari akiwa amelewa, na Jake alikuwemo garini. Shule mpya anafika tayari klipu yake ya ugomvi imeshasambaa. Ryan McCarthy, mtoto wa kishua, anamwalika kwenye pati na kumchapa mbele ya watu wote. Ndipo rafiki yake Max anampeleka kwa mwalimu Jean Roqua, na sharti la Roqua ni moja: hakuna kupigana nje ya jimu.

Sasa semeni. Ilikuwa mbovu ila sisi tulikuwa watoto, au wachambuzi ndio hawakuelewa?

Mjukuu wa Miyagi
Hakuna fumbo hapo. Walishaiona mwaka 1984, ikiitwa The Karate Kid. Mtoto mgeni mjini na mama asiye na mume, tajiri mwonevu, binti katikati yao, mwalimu kutoka mbali, mazoezi, mashindano, fainali, makofi. Badala ya karate wameweka ngumi mchanganyiko, badala ya California wameweka Florida. Ile ya kwanza Roger Ebert aliipa nyota nne, Pat Morita aliyeigiza mwalimu Miyagi akateuliwa Oscar, na ilitengenezwa kwa dola milioni 8 ikaingiza zaidi ya 90 Marekani peke yake. Ukileta kivuli chake miaka 24 baadaye utapondwa tu.

Asha wa Mikoroshini
Mjukuu, usitulishe matango pori. Aliyeongoza Karate Kid ni John Avildsen, huyohuyo aliyeongoza Rocky mwaka 1976. Alichukua mfupa wake mwenyewe akauvisha nyama ya kitoto, na wachambuzi wakamsifu. Kwa hiyo kufanana si dhambi kwao.

Kinachokosekana ni kitu kama ule usiku Miyagi amelewa, amevaa sare za jeshi, na mwanafunzi wake Daniel anasoma karatasi na kugundua kuwa mke na mtoto wa Miyagi walifia Manzanar, kambi waliyofungiwa Wamarekani wenye asili ya Japani, wakati mume mwenyewe yuko vitani anaipigania Marekani. Hapo hakuna hata ngumi moja. Nitajie dakika tano za namna hiyo ndani ya Never Back Down.

Roba ya Mbao
Ipo. Roqua anapoeleza kuhusu ndugu yake aliyeuawa na baba aliyemgeuzia mgongo.

Asha wa Mikoroshini
Ipo lakini inapita mbio, kama mtu anayeogopa kuachwa na basi. Djimon Hounsou, mwigizaji wa Roqua, anaibeba kwa macho tu, wenzake hawamsaidii.

Kipimo Sahihi
Kabla hatujaenda mbali. Mleta uzi na wengine mnaichukulia ile asilimia kama maksi za mtihani. Sivyo inavyofanya kazi. Rotten Tomatoes wanahesabu ni wachambuzi wangapi kati ya mia wametoa tathmini chanya, basi. Mtu aliyesema "si mbaya sana ila sikuipenda" anahesabiwa sawa na aliyesema "takataka". Metacritic wanaopiga wastani wa alama zenyewe waliiweka karibu na 40 kwa 100. Kwa hiyo wengi waliiona ya chini ya wastani, wachache ndio waliichukia. Hata muhtasari wa Rotten Tomatoes wenyewe unakiri kuwa ina raha zake, ila inafuata kila mazoea ya muvi za mapigano.

Fundi Redio
Na hiyo "watazamaji waliipenda" nayo tuipunguze chumvi. Wikiendi ya kwanza iliingiza kama dola milioni 8.6, ikashika nafasi ya tatu, nyuma ya Horton Hears a Who! (katuni ya tembo, jamani!) na 10,000 BC. Dunia nzima ilimaliza na milioni 41 hivi, kwa gharama ya utengenezaji ya milioni 20, na kumbuka nusu ya tiketi inabaki kwa wenye majumba ya sinema. Haikuanguka, ila haikutikisa. Mapenzi mnayoyasema yalikuja baadaye, kwenye DVD na chumbani kwa wavulana. Wachambuzi walikuwa sahihi kwa watu waliokaa nao ukumbini siku ile.

Roba ya Mbao
Fundi, mbona unaruka tuzo? MTV Movie Awards 2008, pambano bora: Sean Faris (Jake) dhidi ya Cam Gigandet (Ryan). Walimpiga chini hadi Matt Damon na Joey Ansah wa The Bourne Ultimatum. Na tuzo zile wanapiga kura watazamaji.

Kipimo Sahihi
Bourne Ultimatum, lile pambano la bafuni pale Tangier, limeshindwa na hili? Hiyo ni hoja ya wachambuzi, si yako 😂

Bint Chumbageni
Wanaume mna vituko. Tuzo ile tulipiga sisi wasichana. Angalieni mwaka uliofuata, 2009: pambano bora tena Cam Gigandet, safari hii anapigwa na Robert Pattinson kwenye Twilight. Na Twilight ilitoka kampuni ileile, Summit. Mtu ameshinda miaka miwili mfululizo kwa kuchapwa akiwa kifua wazi. Nyie endeleeni kuchambua makonde.

Mjukuu wa Miyagi
Bint kamaliza uzi.

Kocha Pembeni
Haujaisha. Mimi nafundisha vijana ngumi na mieleka ya chini, niruhusuni niseme la upande wetu.

Mnaisoma muvi bila kusoma mwaka wake. UFC, yale mashindano makubwa ya ngumi mchanganyiko ya Marekani, ilianza 1993 na ikatukanwa miaka mingi kama mchezo wa kishenzi. Ikafufuka 2005 na kile kipindi cha The Ultimate Fighter, usiku Forrest Griffin na Stephan Bonnar walipochapana mpaka watu wakapigiana simu waamshane. Mwaka huohuo YouTube ikazaliwa. Huko Florida kwenyewe kulikuwa na Kimbo Slice, jina lake limejengwa na klipu za ngumi za uani. Muvi imetoka Machi 2008, na Mei 31 mwaka huohuo Kimbo yuko CBS, mara ya kwanza stesheni kubwa ya Marekani kuonyesha mchezo huu saa za jioni. Never Back Down ilinasa kitu ambacho kila kijana alikuwa anakiona kwenye simu na wazee hawakijui kabisa: wanafunzi wanapigana ili warekodiwe. Mchambuzi wa miaka hamsini aliona watoto wanapigana bila sababu. Kijana aliona shule yake.

Na jimbo la New York lilikuwa limepiga marufuku mapambano ya kulipwa ya mchezo huu mpaka 2016. Magazeti makubwa yako wapi? Hesabuni wenyewe.

Kipimo Sahihi
Kocha, ya New York haishiki. Miezi miwili baadaye ilitoka Redbelt ya David Mamet, Chiwetel Ejiofor ni mwalimu wa jiu-jitsu, mchezo uleule, na wachambuzi haohao waliipokea vizuri zaidi. Tatizo halikuwa mchezo.

Kocha Pembeni
Redbelt waliipenda kwa sababu ya jina la Mamet. Na watazamaji je? Mapato yake hayakufika hata robo ya hii tunayoijadili. Kijana wangu mmoja jimu niliwahi kumwekea, akalala kabla mwalimu hajakunja ngumi.

Mama Wawili
Nimesoma kimya muda mrefu, niingie. Kwanza Mjukuu wa Miyagi kasema juu kule kwamba inaishia fainali na makofi. Si kweli. Ryan anatolewa nusu fainali kwa kumlenga mpinzani jichoni. Jake akisikia hivyo anaona hana tena sababu ya kuendelea, anaacha mashindano na kuondoka. Ryan anamfuata nje, na pambano la mwisho ni kwenye maegesho ya magari, watu wamezunguka na simu zao.

Na hapo ndipo mimi na wachambuzi tunapokutana. Muvi nzima mwalimu anahubiri msipigane nje. Halafu zawadi ya mtazamaji, ile tuliyoisubiri saa moja na nusu, ni ngumi za nje! Kisha Jake anapata heshima, binti anapata, wote wanatabasamu shuleni. Nina wavulana wawili. Mkubwa aliitazama, na somo alilotoka nalo si lile la Roqua.

Mjukuu wa Miyagi
Mama, maegesho ni fainali isiyo na refa tu 😄 Makofi yalipigwa au hayakupigwa?

Asha wa Mikoroshini
Mama Wawili umegusa penyewe. Ila sikia upande wa pili. Jake anaondoka ulingoni akiwa bado yumo, tayari kaumia tumbo raundi za mwanzo, na huko mbele kuna kombe. Daniel wa Karate Kid hakuacha, alirudi kwa mguu mmoja. Hiyo mimi naona ni tofauti kubwa ambayo wachambuzi hawakuipa uzito. Maegesho ni kwa sababu Max alichapwa nusura afe. Kuna wakati mtu anafuatwa mpaka mlangoni.

Mama Wawili
"Anafuatwa" ndiyo maneno ya wanangu wote wawili kila wakiitwa ofisini kwa mwalimu wa nidhamu.

Chogo wa Mbagala
Nyie mnabishana muvi ambayo sisi hatukuiona. Sisi tuliona nyingine.

Kibanda umiza chetu Mbagala kilikuwa cha mabati, benchi za mbao, pazia la gunia mlangoni, na picha zilikuwa zenye sauti ya mtafsiri juu yake. Mtafsiri wetu alimpa Roqua ukoo. Akasema huyu mzee katokea Kigoma, kakimbia Ujiji kwa sababu ya kesi ya shamba, sasa yuko ng'ambo anafundisha watoto wa Kizungu ngumi za kwetu. Jake alipokuwa anabembeleza afundishwe, mtafsiri alimfanya Roqua aseme, "We dogo, wazazi wako wanajua uko hapa?" Banda lote chini kwa kicheko. Pale Ryan anapomchapa Jake kwenye pati, mtafsiri akatuliza sauti, akasema steringi hafi, lakini leo atakula wali mbichi. Watu wakanyamaza kabisa. Ile sehemu ya kifo cha baba aliiendesha polepole mpaka wakubwa wakaacha kutafuna karanga.

Sasa leo mnaniuliza mazungumzo yalikuwa mepesi? Sijui mazungumzo yake mimi. Najua ya mtafsiri, na yalikuwa mazito.

Buda wa Kayole
Chogo umenirudisha mbali. Huku Nairobi DJ Afro ndiye aliyetulea. Picha ikiwa na sauti yake, hata ile mbovu inasimama. Wachambuzi wa Amerika wangepewa DJ Afro wangebadilisha hizo nyota.

Fundi Redio
Hoja ya Chogo ina nguvu kuliko anavyojua. Malalamiko makuu ya wachambuzi yalikuwa maandishi: watu wanasema yale unayotarajia. Ukitoa maandishi ukaweka msimuliaji mwenye ulimi, kinachobaki ni kile ambacho muvi inakijua, yaani miili, kasi, mazoezi. Ila hiyo inaeleza Mbagala na Kayole. Haielezi kijana wa Ohio aliyeisikiliza kwa Kiingereza na bado akaipenda.

Mtu wa Kingo
Roqua si alikuwa Mnaijeria?

Asha wa Mikoroshini
Ndani ya muvi ni Msenegali aliyepitia Brazil. Mwigizaji mwenyewe kazaliwa Cotonou, Benin. Ndiye Juba wa Gladiator, ndiye mvuvi wa Blood Diamond aliyeteuliwa Oscar. Mwaka mmoja tu baada ya uteuzi ule wakamweka kufundisha watoto wa shule kupiga makonde. Mimi ndilo linalonikera kuliko asilimia zote. Mwafrika mwenye uzito ule anapewa kazi ya kumponya mtoto wa Kizungu, ya kwake yanamalizwa kwa sentensi mbili na safari ya kwenda kwa baba ambayo hatuoneshwi akifika.

Buda wa Kayole
Miyagi pia alikuwa mgeni anayeponya mtoto wa wenyewe.

Asha wa Mikoroshini
Miyagi ana nyumba, bustani, magari na kidonda. Tunaingia kwake. Kwa Roqua tunaingia jimu.

Bint Chumbageni
Na Baja, yule binti wa katikati, je? Amber Heard muvi nzima ana kazi tatu: kutembea polepole, kuchukuliwa na Ryan, kuomba msamaha. Niliipenda nikiwa kidato cha tatu, nikairudia mwaka jana nikabaki naangalia jinsi kamera inavyoteremka kila anapoingia. Wachambuzi walisema imepigwa kama video ya muziki, jua la dhahabu, miili inang'aa, rock kila dakika kumi. Ni kweli, na ndicho kilichotuvuta. Sifa na kasoro ni kitu kilekile, inategemea una umri gani siku unayoitazama.

Kocha Pembeni
Nirudi kwenye mapigano maana mmeyaacha. Kiufundi wachambuzi wengi hawakuwa na macho ya kuona kipi kizuri. Kabali zipo sahihi, mtu akikabwa anagonga, hakuna mambo ya kuruka juu ya mti. Jake kwanza anakata pumzi kwa sababu anapigana kwa hasira, na Roqua anamfundisha kupumua kabla ya kupiga. Hiyo ni kweli tupu, ndilo somo gumu kuliko yote jimu. Uongo uko kwenye muda. Mtoto anajifunza kulala chini, kukaba, kutoka kwenye kabali, na kumzimisha bingwa wa shule kwa teke la kichwa, yote ndani ya muhula! Baada ya muvi hii nilipata kundi la vijana wakitaka kujua teke tu. Nikawaweka kwenye mkeka kujifunza kuanguka. Wiki iliyofuata wengi walikuwa wamerudi kwenye mpira.

Roba ya Mbao
Kocha, ngwala je? Ile anayopigwa Jake kwenye pati...

Kocha Pembeni
Kwenye pati hakuanguka kwa ngwala, alikula mateke na ngumi. Rudi ukaangalie, flashi si unayo.

Mtu wa Kingo
Tukiacha utani, hii tofauti ya wachambuzi na watu ipo kila muvi ya vijana ya mapigano. Karate Kid ya Jaden Smith na Jackie Chan, 2010: watu walilalamika kwamba mtoto anafundishwa kung fu Beijing halafu jina ni Karate. Ikaingiza dola milioni 359 duniani.

Mjukuu wa Miyagi
Ile wachambuzi wengi waliipitisha, usiichanganye na hii. Na China waliiita Kungfu Dream, wakaikata vipande vya watoto wa Kichina wakimwonea Jaden, mpaka baadhi ya watazamaji wa kule hawakuelewa ugomvi ulianzia wapi. Mfano wako mzuri ni Karate Kid: Legends ya 2025. Wachambuzi waligawanyika, watazamaji wakaipa alama za juu, na mfupa ni uleule wa 1984.

Kipimo Sahihi
Ndiyo maana nasema wachambuzi hawachoshwi na mfupa, wanachoshwa na kuupokea bila kitu kipya. Mtoto wa miaka kumi na nne kwake kila mfupa ni mpya. Wote wawili wanasema kweli kuhusu siku waliyoitazama.

Mama Wawili
Kipimo, hiyo ni kukwepa. Yangu ya maegesho bado hujaijibu.

Chogo wa Mbagala
Mtafsiri aliijibu. Alisema, "Mzee wa Kigoma kageuka pembeni, hajaona kitu."

Mama Wawili
😂😂 Haya.

Fundi Redio
Kwa wapenda majina: Max, yule dogo wa kamera, ni Evan Peters. Baadaye akawa Quicksilver kwenye X-Men, na akabeba Golden Globe kwa kumwigiza Dahmer. Ndiye pekee kati ya vijana wale ambaye wachambuzi leo wanamwinamia. Mwaka 2008 wengi hawakumtaja hata jina.

Roba ya Mbao
Asanteni wote, bado sijashawishika na upande wowote. Kuna mwenye ile yenye sauti ya mtafsiri? Ya Kigoma hiyo nataka niione.

Chogo wa Mbagala
Ilikuwa kanda ya mwenye banda. Banda sasa hivi ni duka la vipuri vya bodaboda.

Buda wa Kayole
Mmesahau kuna ya pili, ya 2011, kaiongoza Michael Jai White na kaigiza mwenyewe kama mwalimu. Haikupita kumbini, ilikwenda moja kwa moja kwenye DVD, na kwa mapigano inaizidi hii ya kwanza mbali. Njooni mnipige.

Kocha Pembeni
Kwa mapigano nakuunga mkono, na sihitaji kusoma mchambuzi yeyote. White ana mikanda myeusi ya kweli, anajua kamera ikae wapi.

Bint Chumbageni
Hadithi yake inahusu nini?

Buda wa Kayole
Dada, nimesema mapigano.